Nukta Tatu za Bi Wembe

Watu wanaolisikia jina la Bi Wembe kabla ya kumwona mwenyewe hudhani shemeji yangu ana ulimi mkali. Wanakosea sana. Mwenye ulimi mkali ni mimi, na sioni haya kusema, maana mtunza stoo akiwa mpole siku mbili, siku ya tatu anatunza kuta. Shemeji ni mtu wa kuomba radhi hata kwa kiti alichokigonga kwa goti. Jina lake lilitokana na wembe wa kweli, nusu wembe, anaotembea nao mfukoni ukiwa umefungwa ndani ya kipande cha boksi. Kabla sijaeleza anaufanyia nini, itabidi niwapandishe ngazi hadi chumbani kwake kazini.

Ni ghorofa ya nne, ya mwisho, katika jengo la kitivo cha uhandisi. Mimi niko chini kabisa kwenye nyaya, boliti na harufu ya grisi. Yeye yuko juu kabisa kwenye karatasi. Nikipanda kumpelekea roli mpya ya karatasi, kufikia ghorofa ya tatu nimeshamsema vibaya aliyechora jengo lile. Lakini nikisukuma mlango wa chumba cha michoro, hasira inaniishia pale pale. Dirisha limeshika ukuta mzima. Mwanga unaingia bila jua lenyewe, mwanga mweupe, mtulivu, na ndani yake karatasi kubwa zinaning'inia kwenye kamba, zimebanwa kwa vibanio vya nguo, zikisubiri wino ukauke. Feni haiwashwi kamwe. Ukipita, karatasi zinatikisika taratibu, kisha zinatulia tena, na unajikuta na wewe umetulia. Nimewahi kukaa mle nikidhani ni dakika tano tu, nikashuka nikakuta mafundi wamepanga foleni mlangoni kwangu wakinitaja kwa majina nisiyopewa na mama.

Shemeji aliingia chumba hicho akiwa binti wa miaka ishirini, kabla hajaolewa na kaka yangu. Walikuwa wachoraji sita, kila mmoja na meza yake iliyoinama, kalamu zenye ncha ya sindano na rula ndefu. Mchoraji akikosea mstari hatupi karatasi. Anachukua wembe, anaukwangua wino kidogo kidogo hadi uishe, kisha anapalainisha kwa ukucha. Wenzake walikwangua wakaacha makovu. Yeye alikwangua kwa mkono mwepesi, kama mtu anayemfuta mtoto uso, na ukipitisha kidole hapo hukuti kitu. Mkuu wa wachoraji wa enzi hizo aliwaonyesha wageni mchoro wa shemeji na kuwauliza kosa liko wapi, nao wakatoa macho mpaka wakaomba maji ya kunywa.

Kisha kompyuta zikaja. Wachoraji wakaondoka mmoja mmoja, meza zao zikashushwa stoo kwangu, na huko ziko mpaka leo zimelaliwa na vumbi. Juu alibaki shemeji na plota, mashine ndefu ya kuchapa karatasi kubwa. Plota yenyewe ni kuukuu na ina ugonjwa mmoja: inatema. Inachapa vizuri kabisa, halafu bila sababu inadondosha tone la wino, dogo kama ufuta, mahali palipo peupe. Fundi ameitwa mara nne, na mara zote nne kilichotengemaa ni tumbo lake, kwa chai yetu. Kwa hiyo shemeji akaurudia wembe wake. Kila asubuhi, kabla wenye kazi hawajaja kuchukua karatasi zao, alipita moja baada ya moja, akakwangua matone, akalainisha kwa ukucha. Hakumwambia mtu. Aliona ni sawa na kumpangusa mwenzio vumbi begani, jambo usilolitangaza.

Mambo ya makongamano yalianza kwa bahati. Kijana mmoja wa mwaka wa mwisho alipanda akiwa na barua mkononi na jasho usoni. Utafiti wake ulikuwa umekubaliwa kwenye kongamano la uhandisi, yaani mkutano ambako watafiti hubandika mabango yao ukumbini, kila mtu anasimama kando ya lake, na wageni na majaji wanapita wakisoma na kuhoji. Kijana hakujua bango linakaaje. Walimu wake walikuwa na shughuli zao. Shemeji akamkalisha, akamchorea, akamchapia. Mwaka uliofuata wakaja watatu, kisha tisa. Leo ukiuliza ni ofisi gani inayowahudumia wanafunzi wanaokwenda kwenye makongamano, utaelekezwa kwenye ofisi yenye kibao cha shaba mlangoni, na mwenye ofisi naye atakuelekeza ghorofa ya nne.

Huko juu kuna utaratibu, na hakuna mwenye ubavu wa kuuvunja. Tarehe za mwisho za kutuma muhtasari zimeandikwa kwa chaki ukutani. Barua isiyosainiwa, shemeji huifuata mwenyewe, akaketi nje ya mlango wa mkuu wa kitivo akiwa ameweka mikono mapajani, hasemi neno, mpaka mkuu anaona aibu na kusaini. Mabango yanasafiri ndani ya bomba la plastiki la maji ninalolikata mimi kwa msumeno, na vifuniko viwili. Na kabla hujaondoka, unasimama kwenye mstari wa chaki karibu na dirisha, unamweleza kazi yako tangu anapoweka birika jikoni mpaka birika linapopiga mluzi. Mluzi ukilia, umekwisha, hata kama umebakiza neno moja. "Samahani, mwanangu," atakwambia, "hapo katikati sijaelewa." Nimewaona vijana wenye vichwa vikubwa wakilowa mgongo kwa hiyo samahani.

Yeye mwenyewe hajawahi kwenda kongamano hata moja. Sharti lake kwa wanaorudi ni kupanda tena kumsimulia. Anazima plota, anakaa kwenye kigoda, anauliza. Ulipoingia, mlango ulikuwa upande gani? Zulia lilikuwa la rangi gani? Mabango yalipangwa mistari mingapi, na taa zilimulika kutoka wapi? Wakati mwanafunzi anasimulia, penseli yake inatembea, na mwisho wa hadithi kuna ramani ya ukumbi ambao hajauona, na milango yake, ngazi zake, hata meza ya chai kwenye kona. Droo nzima imejaa kumbi hizo.

"Shemeji," nilimtania siku moja, "wewe una majengo mengi kuliko serikali, ila hayana tofali."

"Na hayavuji," akasema. "Nikifumba macho natembea humo mpaka miguu inachoka."

Sasa nije kwa binti tuliyemwita Masikio. Tulimpa jina hilo kwa sababu ya spika za masikioni, kubwa, nyeusi, ambazo hazikumtoka hata akila. Utafiti wake ulikuwa kusikiliza mabomba ya maji. Alitengeneza kifaa chake mwenyewe kwa kopo, waya na kinasa sauti kidogo, vyote kutoka stoo kwangu kwa kusaini, akazunguka mitaa akikigusisha kwenye mabomba kujua lipi linavuja chini ya ardhi bila kuchimba. Wenye nyumba walimdhania mwizi. Yeye akaendelea tu, mpole, mkaidi, hadi akawa na vipimo mia mbili na kumi na vinne.

Alipopanda kwa shemeji mara ya kwanza hakueleza kitu. Alimvisha zile spika, akagusisha kifaa kwenye bomba linalopita koridoni, akanyamaza. Nilikuwapo, nimeshika roli. Shemeji alifumba macho. Sura yake ikalegea, akawa anatabasamu na kitu nisichokisikia, mkono ukipanda na kushuka polepole hewani. Nikamuuliza kuna nini humo. Akanifanyia ishara ninyamaze. Baadaye kabisa akasema, "Kuna mtu anapumua, shemeji. Jengo zima linapumua, na sisi tunapanda na kushuka humu na kelele zetu." Tangu siku hiyo akampenda yule binti kama aliyemzaa, na nasema hivyo nikijua kwamba yeye na kaka hawakujaliwa mtoto.

Kwenye bango la Masikio kulikuwa na grafu kubwa katikati. Kila kipimo kilikuwa nukta moja nyeusi. Nukta mia mbili na kumi na moja zilijipanga vizuri, zimesongamana kwenye mstari unaopanda. Tatu zilijitenga mbali, juu kulia, kwenye weupe mtupu. Zilitoka kwenye mabomba matatu yaliyokuwa mazima, pembeni yake pakavu kabisa, lakini sauti yake haikufanana na ya bomba lolote, zima au bovu. Mwalimu wake alimwambia azitoe, zinaharibu picha. Binti akajibu, "Mwalimu, zilitoka kwenye bomba, hazikutoka kichwani mwangu." Mwalimu akamwachia kwa shingo upande.

Hayo yote mimi niliyajua, kwa sababu binti alikuwa akinisimulia wakati anasaini vifaa. Shemeji hakuyajua, na hapo ndipo penye kisa. Masikio alikuwa mwoga wa zile nukta tatu. Hakuwa na maelezo yake, basi kwenye mazoezi aliziweka mwisho kabisa. Alisimama kwenye mstari wa chaki, akaeleza kifaa, akaeleza mitaa, akaeleza ule mstari unaopanda, akavuta pumzi ili azitaje, na birika likapiga mluzi. Mara tano alifanya mazoezi na mara tano birika likamkata. Bango lenyewe alilionyesha kwenye kompyuta yake ndogo aliyoishika kifuani, na humo nukta hizo hata hazikuonekana.

Bango lilichapwa siku moja kabla ya safari, na siku hiyo plota ilitema kuliko kawaida yake. Kesho yake asubuhi shemeji akaufungua wembe. Akakwangua tone kando ya kichwa cha habari, jingine chini ya jina la binti, mengine pembezoni, na akiwa katika mwendo huo huo wa mkono akafika juu kulia mwa grafu, akakuta matone matatu kwenye weupe. Akayaondoa. Akalainisha kwa ukucha, akarudi nyuma hatua mbili, akaona bango limependeza. Aliniambia baadaye kwamba aliimba. Binti alipokuja alikuwa anawahi basi. Shemeji alishaviringisha bango na kulitia ndani ya bomba, nami nikamsindikiza nalo hadi getini. Ukumbi ulikuwa mji mwingine, safari ya kutwa.

Siku ya pili yake, saa nne na nusu asubuhi, simu yangu ikalia.

"Mzee wa stoo, Mama yuko wapi? Simu yake haipokelewi." Ilikuwa sauti ya Masikio, imekauka.

Simu ya shemeji hukaa ndani ya mkoba, mkoba ndani ya kabati. Nikamwambia aniambie mimi kwanza.

"Nukta zangu hazipo," akasema. "Zile tatu. Kwenye kitabu cha kongamano, kwenye grafu niliyowatumia mapema, zipo, kwenye bango hazipo. Majaji wamepita wakaona. Wanasema nimepika majibu, nimefuta vipimo visivyonipendeza. Nimeapa, hawanisikilizi. Jaji mkuu amenipa mpaka saa sita. Nisipojieleza bango linashuka, na wanaandika barua kitivoni. Mzee, barua hiyo ikifika, mimi sina digrii tena. Na nani atanipa kazi nikiitwa mwongo wa vipimo?"

Akanitumia picha ya bango. Nikapanda ghorofa nne bila kumlaani mtu, pumzi sikuwa nayo. Shemeji alikuwa amesimama katikati ya karatasi zake. Nikampa simu, nikamweleza. Aliitazama picha, akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama tena. Kisha akakaa chini, sakafuni, pale pale alipokuwa.

"Zilikuwa zake?" akauliza.

"Zilikuwa zake."

"Mimi nilidhani ni za mashine." Alitoa kile kipande cha boksi mfukoni, akakitazama kama kitu cha mtu mwingine. "Shemeji, nimemfuta mwanangu."

Niseme ukweli, ushauri wangu ulikuwa mbaya. Nilimwambia tuseme plota iliruka, mashine hainyimwi pensheni. Miezi saba imebaki ustaafu, nikasema, unajitia kitanzi cha nini? Kuna tangazo la mkuu wa kitivo ubaoni kwamba kazi ya mwanafunzi ikishapitishwa haiguswi na mtu. Unga wako utamwagika, shemeji, na kaka atanilaumu mimi.

Hakunigombeza. Hajui kugombeza. Alinyoosha mkono akasema, "Mpigie."

Nikapiga, nikaweka sauti ya juu. Masikio akapokea kwa kwikwi. Nyuma yake tulisikia ukumbi wenyewe, viatu na sauti nyingi zikipanda na kushuka.

"Mwanangu," akasema shemeji, "nisamehe. Ni mimi niliyezifuta, kwa wembe. Mpe simu huyo jaji."

Tukasikia hatua za binti, kisha sauti ya mama mtu mzima, kavu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Shemeji akajieleza. Alieleza plota inavyotema, alieleza wembe na ukucha. Jaji mkuu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "nimelipapasa bango hili mwenyewe. Halina alama. Kila mwanafunzi anayekamatwa ana mama au shangazi wa kumtetea kwenye simu. Nitaaminije?"

Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Shemeji alifumba macho, na nilipomwona nilijua hayuko tena na mimi chumbani. Yuko kule.

"Una rula?" akauliza.

"Ninayo."

"Karatasi hiyo ina ngozi juu. Maji yanateleza, hayaingii. Nilipokwangua ngozi haipo tena, ukucha unaficha tu. Lowesha ncha ya kidole, uguse pale nitakapokwambia. Patakunywa. Binti akae mbali, asikushikie hata rula."

Jaji akasema, "Binti, shika simu, rudi nyuma. Haya, Mama."

"Tuanze na za mashine. Nilifuta kumi na moja kwa jumla. Ya kwanza iko kulia mwa herufi ya mwisho ya kichwa cha habari, upana wa kidole kimoja."

Tulisubiri. Karatasi za chumbani zilitikisika kidogo ingawa hakuna aliyepita.

"Pamelowa," akasema jaji. "Mahali pengine maji yanateleza. Hapa pamelowa."

"Ya pili, chini ya jina la binti, sentimita mbili na nusu. Ya tatu, kona ya chini kushoto, karibu kabisa na ukingo."

Akaendelea hivyo bila kufumbua macho, mkono wake ukisogea hewani, kidole gumba na cha shahada vimebanana kana kwamba wembe uko kati yao. Kila alipotaja, sauti ya kule ilirudi: pamelowa, pamelowa. Sasa walikuwa watu wengi pale bangoni. Tulisikia minong'ono yao, na mtu mmoja aliangua kicheko cha mshangao. Nane zikaisha.

"Sasa za mwanangu," akasema shemeji. "Kutoka mstari wa kushoto wa grafu, sentimita thelathini na moja. Kutoka mstari wa chini, kumi na tisa na milimita nne."

"Pamelowa."

"Sogea kulia sentimita mbili. Shuka nusu."

"Pamelowa."

Ya tatu alikaa nayo. Midomo ilimchezacheza. Akataja vipimo, na jaji akasema hapana, hapa maji yanateleza. Shemeji akanyoosha mkono tena hewani, akaurudisha, akaunyoosha, akitafuta njia uliyopita mkono jana yake asubuhi, kwenye mwanga ule ule.

"Panda milimita tatu," akasema. "Hapo nilipumzisha mkono kwanza ndipo nikakwangua."

"Pamelowa," akasema jaji.

Tukasikia kurasa za kitabu zikifunuliwa, rula ikigonga ubao. Halafu jaji akasema, lakini hakuwa akisema nasi, alikuwa akiwageukia wenzake, kwamba tatu zinakubaliana na kitabu, na kwamba mtu mwenye nia ya kuficha vipimo asingehangaika kusafisha kona ya karatasi na chini ya jina lake mwenyewe. Akarudi kwenye simu. "Mama, umemponza binti huyu, unajua?"

"Najua."

"Karibu tumvunje leo."

"Najua, mama yangu. Ndiyo maana nimesema."

"Mpeni kalamu," jaji akawaambia watu. "Azirudishe."

"Subirini pakauke!" shemeji akapiga kelele, na hiyo ndiyo mara pekee nimewahi kumsikia akipiga kelele. "Pakiwa pabichi wino utasambaa."

Wakacheka kule, kicheko kizuri. Barua ya onyo kwa shemeji ilikuja wiki iliyofuata na nitaieleza siku nikiwa na hasira za kutosha. Siku ile, kilichotokea ni kwamba binti alisubiri, akaweka nukta zake tatu kwa mkono, akaitia simu mfukoni kwa haraka kwa sababu watu walikuwa wanamsonga, na akasahau kuikata.

Nikataka kuikata mimi. Shemeji akanizuia mkono. Akaiweka kwenye kigoda, akakaa sakafuni kando yake, na tukaanza kusikia sauti ya Masikio kutoka ndani ya kitambaa, inafifia, inarudi, ikieleza kifaa, ikieleza mitaa, ikieleza ule mstari unaopanda. Hakuna birika lililomkata. Wageni walikuja, wakauliza, wakaondoka, wakaja wengine. Saa sita ikapita. Nilikuwa na stoo ya kufungua na foleni ya watu chini, na nikabaki nimeegemea dirisha nikisikiliza kongamano.

Ndipo mwanamume mmoja akauliza, sauti yake karibu sana, "Na hizi tatu huku juu?"

"Hizo ndizo zilizonileta," akasema binti. "Mabomba yake hayajavuja. Nadhani yanajiandaa kuvuja. Sijui bado, ndiyo maana nauliza kila anayepita."

"Mbona zimewekwa kwa mkono? Nyingine zote zimechapwa."

Kitambaa kikakwaruza simu, kama mtu aliyegeuka kulitazama bango.

"Zilifutwa na mama aliyenifundisha kusimama hapa," akasema Masikio. "Alidhani ni uchafu. Alitaka nije mbele yenu nikiwa safi."

Shemeji aliziba mdomo kwa viganja viwili, na machozi yakampita katikati ya vidole. Nilikuwa nimeshaandaa neno la kumtania, neno zuri tu, kuhusu wembe. Nikalimeza. Simu ilikuwa yangu, na betri yangu ilikuwa inakwisha, lakini nikamwachia, nikafunga mlango polepole ili karatasi zisitikisike, nikashuka kwenda kuwafungulia watu stoo.